Nilivyomfanyia Mzee Hamisi Msiba Akiwa Mzima

Mzee Hamisi alifika kwenye sherehe yake saa nane na robo mchana, siku ya Jumamosi, kanzu imepigwa pasi, miwani myeusi ya hospitali imemziba nusu ya uso, akakuta watu wasiopungua sitini wamekaa chini ya turubai wakiomboleza kifo chake. Akatoa pole, akatafuta kiti, akaketi. Alidhani ni msiba wa jirani.

Aliyemuua ni mimi. Nalisema mapema ili asitokee mtu wa kunisaidia kutafuta wa kumlaumu, maana nimeshajaribu sana, na kila nikianza kuwataja waliohusika naishia kwenye jina langu.

Sasa tuanze mwanzo. Tuna studio yetu Kariakoo, upande wa Msimbazi, nyuma ya maduka ya mapazia, chumba kimoja kirefu kilichowahi kuwa stoo, na tuko wanne humo ndani: mimi na batiki zangu, Tatu anayechora picha, Dominiki mchonga vinyago, na Mzee Hamisi ambaye ameandika mabango ya maduka ya mtaa huu tangu sisi wengine hatujazaliwa. Kila mtu ana kona yake, mipaka imechorwa kwa chaki sakafuni, na ole wako brashi yako ikutwe kwenye kona ya Mzee. Mimi wananiita Katibu kwa sababu naandika kila kitu kwenye daftari: nani kafagia, nani kaacha jiko la nta linawaka, nani kaazima nyundo ya Dominiki na siku gani. (Kwa hiyo mkasa huu ninao wote kwa saa na dakika, jambo ambalo halinisaidii chochote.)

Mzee Hamisi alikuwa hajakanyaga studio karibu mwaka mzima. Mtoto wa jicho. Alianza kwa kuchanganya kijani na bluu, akafuata kuandika bango la duka la viatu likapanda kwenda juu kama ngazi, siku moja akaweka brashi chini akasema anaenda nyumbani Buguruni kupumzika. Akapasuliwa jicho la kwanza, baada ya miezi likafuata la pili, hatimaye daktari akamwambia mzee sasa unaweza kurudi kazini. Tukasema mtu kama huyu harudi kimyakimya, lazima tumfanyie kitu.

Lakini kulikuwa na jambo la pili, na hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi. Chumba ni cha Bi Mwanahawa, mjane anayeishi Magomeni, na wanawe walikuwa wamemkalia kichwani siku nyingi wakitaka atutoe wapate stoo ya kuhifadhi mizigo ya simu. Yeye alikuwa hajakubali wala kukataa. Alituma ujumbe kwamba atakuja mwenyewe aone tunafanya nini humo ndani, halafu atoe jibu. Sisi tukitoka pale hatuna pa kwenda, kwa sababu Kariakoo nzima nani atakupa chumba uchemshe nta asubuhi na mwenzako agonge mpingo hadi jioni? Na Mzee ndiyo kwanza amepata macho, akose pa kuyatumia? Basi nikamwalika Bi Mwanahawa siku hiyohiyo ya sherehe, kwa makusudi kabisa. Nilitaka atukute tumeoga, tumepika, tumemheshimu mzee wetu, aone kwamba sisi si wahuni.

Ijumaa alasiri vijana wa turubai wakasema hawafungi kamba hata moja kwenye ule uchochoro bila karatasi ya kibali ya mjumbe wa serikali ya mtaa. Nikaenda kwa mjumbe wetu, Bwana Kitwana, anayeuza makufuli pale kona. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza nataka turubai kesho. Akaniuliza la nini. Akasema kama ni sherehe, anataka taarifa siku saba kabla, na akakumbushia sherehe ya watu fulani iliyoziba njia mpaka mikokoteni ikashindwa kupita.

"Na kama si sherehe?" nikauliza.

"Kama ni msiba, mwanangu, nani atakuzuia? Msiba haupigi hodi."

Hapo ndipo ningesema asante nikaondoka. Badala yake nikatazama chini, nikasema ni msiba. Akaweka kufuli alilokuwa analifuta, akaniuliza kwa upole wa nani. Nikasema baba mdogo. Akauliza anazikwa wapi, nikasema tunamuaga hapa kesho halafu anasafirishwa Moshi. (Sina baba mdogo. Baba yangu ni mtoto wa kiume pekee kati ya wasichana watano.) Karatasi ikaandikwa pale pale, mhuri ukagongwa, akanishika bega akaniambia nisijali, mtaa upo.

Mimi nikadhani hilo ni neno tu la kufariji.

Jumamosi saa moja asubuhi turubai lilikuwa limesimama, viti vimepangwa. Tatu alileta picha ya Mzee aliyoichora kwa wiki tatu bila kuniambia, uso mzima, mkubwa kama mlango wa kabati, akaisimamisha kwenye stendi pale mlangoni. Ilitakiwa ifunikwe ili izinduliwe Mzee akifika, na kitambaa kikubwa kilichokuwa safi studio nzima kilikuwa kimoja tu, batiki yangu nyeusi. Tukaifunika. Nikaona panahitaji maua, nikayanunua, na muuzaji alikuwa amebakiwa na meupe. Tukayapanga pembeni. Nilirudi nyuma hatua mbili nikaangalia nikaona pamependeza. Dominiki alikuwa na kazi ya kumleta Mzee kutoka Buguruni, basi nikamwacha Tatu anaosha masinia, nikaenda sokoni kutafuta nyanya, pilipili hoho na ndizi.

Niliporudi, saa nne kasoro, kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa ukimya. Anayeijua Kariakoo atanielewa. Pale kwetu kila duka lina spika mlangoni inayopiga kelele za bei toka asubuhi, umeizoea mpaka huisikii tena, na siku hiyo zote zilikuwa zimezimwa. Wenye meza za soksi na mikanda walikuwa wamezisogeza nyuma kuachia njia. Chini ya turubai wanaume kama ishirini walikuwa wamekaa mikono mapajani. Bwana Kitwana alikuwa amesimama mwanzoni mwa uchochoro anaelekeza watu. Mtaa upo, alisema, na kweli mtaa ulikuwepo.

Ndani ndiyo usiseme. Kina mama walikuwa wametandika mikeka juu ya mipaka yetu yote ya chaki, wamejifunga kanga, na Mama Zaituni, mama lishe wa jirani, alikuwa ameshachukua uongozi wa jiko. Mchele niliouloweka kwa ajili ya pilau aliuona, na viungo aliviona, akavitia kwenye mfuko akaufunga.

"Pilau itakuja arobaini," akaniambia. "Leo ni wali na maharage. Kaa chini, mfiwa hapiki."

Nikakalishwa. Watu wakaanza kunipa pole, mmoja baada ya mwingine, huyu na kilo ya sukari, huyu na katoni ya maji, na mimi na mfuko wangu wa hoho mapajani naitikia tumeshapoa, tumeshapoa. Tatu alikuwa amebanwa kwenye kona ya Dominiki, macho yamemtoka, ananiuliza kwa nyusi nani kafa, nami namjibu kwa nyusi kwamba nitakueleza.

Mtaniuliza kwa nini sikusimama nikasema ukweli pale pale. Nilisimama. Nilifika hadi pale mwanzoni mwa uchochoro kwa Bwana Kitwana, nimefungua mdomo, yeye akanitangulia akaniambia amemwomba mwenye lori la mapazia asishushe mzigo leo kwa heshima ya marehemu. Nikaona nikimwambia sasa hivi, atapiga makelele, Bi Mwanahawa atafika katikati ya ugomvi, na chumba ndiyo basi tena. Nikajipigia hesabu za kijinga: watu wa Dar wana shughuli zao, wataaga saa sita saa saba, saa nane tutafungua muziki. (Watu hawakuondoka. Walizidi kuja.)

Halafu Mama Zaituni akaenda kwenye stendi, akainua pembe ya kitambaa cheusi ili amwone marehemu. Akakishusha taratibu.

"Kumbe ni Mzee Hamisi," akasema. "Ndiyo maana hatukumwona mwaka mzima. Na wewe ulivyokuwa unampenda umemwita baba mdogo."

Nilinyamaza. Msibani ukinyamaza umeshajibu. Habari ikatoka mlangoni ikafika turubai, na sasa vilio vikabadilika, maana baba mdogo wa Moshi alikuwa analiliwa kwa adabu tu, lakini Mzee Hamisi aliandika mabango ya watu hawa. Muuza vitasa mmoja, wa duka linalotazamana na letu, alitoka nje kwenda kulitazama bango lake akarudi anafuta machozi. Mama Zaituni akanisogelea akaninong'oneza kwamba Waislamu hawakawizi maiti, mwili uko wapi? Nikamwambia yuko njiani, anakuja na Dominiki. Hiyo ilikuwa kweli tupu, ya kwanza kuitoa siku ile.

Nikampigia Dominiki asimlete Mzee, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Kumbe simu yake ilikuwa imezimika chaji, na alikuwa ameshamshusha Mzee pale barabarani, akamwambia atangulie, yeye anapitia keki.

Yaliyofuata nje nilisimuliwa baadaye na Mzee mwenyewe, na ili nisionewe nikamuuliza pia yule muuza mikanda aliyekaa naye, mgeni wa mtaa asiyemfahamu. Maelezo yao yanalingana. Mzee alikaa, akapewa maji, akasubiri kidogo kama ilivyo adabu, kisha akainama akauliza marehemu ni nani.

"Mzee mmoja mchoraji," akajibiwa. "Mimi simjui. Wanasema alipofuka."

"Maskini. Alikuwa mtu mzuri?"

"Wanasema mzuri, ila ukigusa brashi zake mtagombana."

Mzee anasema alitikisa kichwa akamhurumia yule marehemu, akaona walikuwa wa tabia moja, na akasikitika kwamba mtaani kwao kulikuwa na mchoraji mwingine ambaye hakuwahi kumfahamu.

Saa nane na nusu bajaji ikasimama, akashuka Bi Mwanahawa, mtandio wa zambarau, amejipaka wanja, amekuja sherehe. Niliruka mikeka ya watu kumwahi. Nilichelewa. Alikuwa ameshalikuta turubai, ameshaona watu wamejiinamia, na mkono wake ulikuwa kwenye kile kitambaa cheusi. Alikivuta chote kikaanguka. Hakupiga ukelele. Alishika ubao wa ile picha kwa mikono miwili, akataka kuanguka nao, wanawake wawili wakamdaka wakamwingiza ndani wakamkalisha karibu na dirisha.

Alilia kilio ambacho mpaka leo nikikikumbuka nasikia aibu. Kilikuwa cha chini, cha mtu anayezungumza na mtu.

"Hamisi, umeondoka hata hujaniaga," alisema. "Na wanangu nimeshawaambia, chumba sikitoi Hamisi akiwa hai. Sasa nitawaambia nini?"

Wanawake wakaitikia kwa kuguna. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele yake. Jibu la chumba nililolisubiri miezi yote ndilo hilo nililolisikia kwa masikio yangu, lilikuwa ndiyo, lilikuwa ndiyo siku zote, na mimi nilikuwa nimelipindua kwa mikono yangu mwenyewe. Nikasema Bi, nisamehe, nina neno. Akanipapasa kichwa akaniambia lia mwanangu usijizuie.

Ni wakati huo Dominiki alipoingia uchochoroni na keki.

Dominiki ni mrefu, na alikuwa ameibeba juu kwa mikono miwili isigongwe, keki ya ghorofa mbili, nyeupe na bluu, na upande wa mbele imeandikwa kwa herufi ambazo hata mtu wa mtoto wa jicho angezisoma: HONGERA MZEE HAMISI. Akapita katikati ya turubai. Watu sitini wakaisoma, safu kwa safu, jinsi alivyokuwa anapita. Mwenyewe alikuwa anatabasamu kwa safu mbili za kwanza, ya tatu akaanza kuona nyuso, ya nne akasimama, hajui aendelee au arudi. Muuza vitasa akainuka akamuuliza kwa sauti ya taratibu mno, wewe kijana unampongeza marehemu kwa lipi.

Nje pale Mzee Hamisi alikuwa ameisoma keki na yeye. Alikuwa pia amesikia dirishani sauti ya Bi Mwanahawa, na anaijua, kwa sababu bango la duka la marehemu mumewe aliliandika yeye. Akavua miwani. Akaja hadi mlangoni, watu wakimpisha bila kumtazama, akasimama sambamba na picha yake.

"Mwanahawa," akasema, "mimi sijafa. Nilikuwa natolewa mtoto wa jicho."

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba watu wakishtuka sana huganda. Si Kariakoo. Mama mmoja aliruka sufuria la maharage bila kukunja kanga, wawili wakatoka kwa dirisha, na kule nje viti viliangushwa kiasi kwamba mpaka jioni tulikuwa tunaviokota mbele ya maduka ya watu. Mama Zaituni peke yake hakukimbia. Alisimama na mwiko wake akamkagua Mzee toka kichwani hadi kwenye kandambili, kisha akanigeukia mimi.

Walipotulia, Bwana Kitwana akanisimamisha kwenye kiti. Sikuwa na pa kupitia. Akaniuliza mbele ya wote:

"Katibu. Aliyekufa ni nani?"

"Hakuna."

"Na baba yako mdogo wa Moshi?"

"Sina baba mdogo."

"Kwa hiyo mimi nimezima spika za Kariakoo kwa ajili ya nani?"

Nikaeleza yote, karatasi, turubai, siku saba, kila kitu, na nilipofika kwenye chumba nikalia kweli, na sasa ambapo ndiyo kwanza nalia kwa haki hakuna aliyenipa pole. Muuza vitasa alisema kwa sauti kwamba anataka sukari yake, jirani yake akamwambia achana nayo, mtoto keshaaibika. Kisha mtu mmoja huko nyuma akaanza kucheka, nadhani ni yule muuza mikanda, akacheka akashindwa kujizuia, kikaenda kicheko safu kwa safu kama ilivyokwenda keki. Bwana Kitwana hakucheka. Alikunja ile karatasi yake akaitia mfukoni, akatoa hukumu: nitapita nyumba kwa nyumba na duka kwa duka kuomba radhi, na mwaka mzima kila msiba utakaotokea mtaani mwosha masufuria ni mimi.

Bi Mwanahawa aliinuka, akafuta wanja uliomshuka mpaka kidevuni, akaenda akasimama mbele ya Mzee Hamisi.

"Mwaka mzima huoni, na hukunituma hata mtu kuniambia," akasema.

"Sikutaka unione hivyo," Mzee akajibu.

Bi Mwanahawa akampita, akaelekea barabarani. Na mimi, kwa akili zangu hizi za daftari, nikamkimbilia hadi kwenye bajaji nikamuuliza, Bi, na chumba? Akageuka. Alisema, "Binti, leo usiniulize kitu," na bajaji ikaondoka. Spika ya kwanza ikawashwa, ikafuata ya pili, bei zikarudi hewani. Tulikula wali na maharage, na keki tukawagawia waliobaki, na niseme kweli Mzee alisifiwa siku ile kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akisifiwa akiwa amekaa hapo hapo anasikiliza.

Nimeshamaliza kuomba radhi nyumba zote isipokuwa mbili ambazo wenyewe wamesafiri. Nimeosha masufuria misiba miwili, na nimejifunza kwamba ukoko wa wali hautaki nguvu, unataka kulowekwa. Nimeapa pia kwamba sitamuua tena mtu yeyote, aliyepo wala wa kubuni, na kwamba mjumbe akisema siku saba nitasubiri hata kumi na nne.

Kuhusu chumba, hivi ndivyo hali ilivyo hadi leo ninapoandika. Jumatatu iliyofuata wale wanawe wawili walikuja na futi kamba, wakapima ukuta wa Dominiki na mlango, wakaandika vipimo kwenye simu, wakaondoka bila kutusalimia. Bi Mwanahawa mwenyewe hajaleta neno. Ila kila Ijumaa, baada ya swala, Mzee Hamisi anavaa ile kanzu, anajipaka manukato, anatuaga kwamba anaenda Magomeni kufuatilia suala la chumba. Anarudi magharibi. Tunamzunguka wote watatu kumuuliza kasemaje, naye anakaa kwenye kona yake, anafungua kopo la rangi, anatuambia Bi bado anafikiria, itabidi yeye aende tena. Ijumaa iliyopita ilikuwa ya tano.